Mteja anayenunua kwa simu anafuata nini hasa? Wenye uzoefu naombeni mnifungue macho

MamaRaba
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi nauza viatu vya kike na mikoba Kariakoo, mtaa wa Kongo, ila nipo ghorofa ya pili ndani kabisa, mahali ambapo kodi nailipa vizuri tu lakini mguu wa mteja kuupata ni kazi maana watu wakishamaliza kuzunguka kwa machinga pale chini hawana tena nguvu ya kupanda ngazi. Nikaanza kuweka picha stetasi ya WhatsApp na Instagram, nikawa najirekodi vivideo navaa raba natembea nazo, na sasa hivi naweza kusema mauzo mengi yanatoka kwenye simu kuliko mlangoni. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa kinachonichanganya ni hiki, wateja wenyewe siwaelewi. Kuna dada anafanya kazi hapo hapo Msimbazi, kwa mguu ni dakika chache, lakini kila mwezi ananunua kwa simu na anamlipa boda amletee. Kuna wengine raba ninayouza 35,000 pale chini ipo kwa 30,000 na wanajua kabisa, mmoja aliniambia mwenyewe, bado akachukua kwangu. Kuna watu wa mikoani hawajawahi kuniona hata sura wanatuma hela yote kabla mzigo haujafungwa. Halafu kuna kundi lingine linauliza bei, linauliza saizi, linauliza rangi, linapotea mazima.

Nauliza kwa sababu kuna kijana ananishawishi anitengenezee apu ya duka langu, na hela anayotaka si ndogo. Mwingine ananiambia hiyo hela niweke kwenye matangazo ya kulipia. Mimi moyo wangu unaniambia nimtafute boda wa kudumu nimlipe vizuri. Nyie mnaonunua kwa simu, nini hasa kinawafanya mtoe hela? Msiniambie ni uvivu, mume wangu ameshanijibu hivyo.

Kichwa_Ngumu
Ni uvivu. Na hela za mshahara.

Neema wa Posta
@Kichwa_Ngumu kaka wewe inaonekana hujawahi kuwa mwanamke ukaingia Kariakoo Jumamosi. Ngoja nikupe picha. Unashuka tu kwenye gari unavutwa mkono, "anti njoo huku", "dada mkubwa, mzigo mpya", ukijaribu kiatu kimoja ukaona hakikupendezi ukakirudisha, unasindikizwa na maneno hadi barabarani. Unatoka huko umenunua kitu ambacho hukukitaka ili tu wakuache uende. Kwenye simu naangalia viatu vya wauzaji watano usiku nikiwa kitandani watoto wamelala, nauliza bei, ikinishinda nanyamaza na hakuna mtu wa kunitukana. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kumlipa boda.

Kwa hiyo huyo dada wa Msimbazi mimi namwelewa kabisa mamaa. Saa ya lanchi ni moja, akitoka apande ngazi zako achague arudi, kala saa ngapi? Na si muda tu, ni kichwa. Mtu kutwa nzima ana bosi, ana foleni ya kurudi Mbagala, ana kikoba, hana nguvu ya kwenda kugombana na mtu kwa ajili ya elfu tatu.

Na niongeze kitu ambacho wauzaji hamkijui. Wale wanaouliza wakapotea si wote wababaishaji, wengine tunasubiri tarehe. Mimi naskrinshoti kitu tarehe 10, nakiweka, mshahara ukiingia tarehe 25 narudi kwenye zile picha moja moja kama mtu anayechagua menyu. Kuangalia tu kwenyewe ni burudani, kuna siku nashinda naangalia mikoba na sina hata mia. Sasa nikirudi nikakuta ile picha umeifuta stetasi na huna mahali pengine ulipoiweka, naenda kwa mwenzio.

Kitu kimoja kinachonikera hadi basi: "bei njoo inboksi". Bei si siri ya ndoa. Ukificha bei najua unataka kwanza uangalie picha yangu ya profaili uone nimevaa nini ndio unipangie.

Bwana Masoko
Uzi mzuri. Nimesoma masoko chuo na hili eneo lina tafiti nyingi sana, niweke kwa kifupi. Mwaka 1989 Fred Davis alitoa modeli yake maarufu, alisema mtu anakubali teknolojia kwa mambo mawili makubwa, anaona itamfaa na anaona si ngumu kuitumia. Baadaye Venkatesh na wenzake wakaja na modeli pana zaidi, na mwaka 2012 wakaiongezea mambo matatu kwa ajili ya mlaji wa kawaida: raha anayoipata, bei ikilinganishwa na faida, na mazoea. Ukiangalia alichosema Neema hapo juu, kuangalia mikoba bila hela ni ile raha, tarehe 25 ni mazoea, kukwepa kuvutwa mkono ni manufaa. Kwa hiyo MamaRaba apu inaweza kukusaidia kama itakuwa rahisi kutumia kuliko WhatsApp.

Kichwa_Ngumu
Huyo Venkatesh aliwahoji watu wa wapi?

Bwana Masoko
Ule wa 2012 ulifanyika Hong Kong kwa watumiaji wa intaneti ya simu.

Kichwa_Ngumu
Basi mtoe Hong Kong umlete Tandika. Huku mtu ana simu imejaa, akitaka kupokea picha ya mtoto lazima afute video za harusi kwanza, ndio apakue apu ya kununulia raba mara moja kwa miezi mitatu? Bando lenyewe mtu kajiunga la WhatsApp na Instagram tu, nje ya hapo anajiona anachoma hela. Rahisi kuliko WhatsApp haipo. Bibi yangu anatuma voisi.

Bwana Masoko
Hapo sikupingi mkuu. Hata modeli yenyewe ingekwambia hivyo hivyo, urahisi ni wa yule anayetumia, si wa aliyetengeneza. Ila na nyinyi mkubali kitu kimoja, wale wenye apu kubwa wana watu wao. Kuna watu wananunua KiKUU wanasubiri mzigo kutoka China wiki na wiki na wala hawalalamiki, kwa sababu kitu ni cha bei ya chini sana na muda wa kusubiri wameshaupiga hesabu. Kwa hiyo si kweli kwamba kila mtu anafuata haraka au anamfuata muuzaji anayemjua. Bei inawavuta wengi, inategemea ni kitu gani. Kava ya simu utasubiri. Kiatu cha send-off Jumamosi hii hutasubiri.

Shangazi wa Songea
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimecheka hayo ya kuvutwa mkono, sisi huku mikoani hata huyo wa kutuvuta tungemtamani. Mimi mguu wangu ni saizi 42. Ingia duka la viatu Songea uulize 42 ya kike uone utakavyoangaliwa, wanakupeleka upande wa wanaume. Nimevaa makubazi ya kiume kanisani miaka na miaka. Siku niliyoona kwenye simu dada mmoja kaandika "saizi 37 hadi 43 zipo" sikuuliza hata bei kwanza, niliuliza kama ni kweli.

Kwa hiyo kwangu mimi ni uchaguzi. Duka la huku linaleta kile ambacho wengi watanunua, mwenye duka hana kosa, mtaji wake mdogo. Lakini mimi niliye nje ya wengi nifanyeje? Na si miguu tu, binti yangu anatafuta mafuta ya nywele fulani, huku hayapo, jirani anatafuta kifaa cha mashine ya kusagia, huku hakipo. Simu imetuletea Kariakoo sebuleni.

Mmeuliza kwa nini mtu wa mkoani anatuma hela kwa asiyemjua. Si kwamba tunatuma hovyo. Mimi yule dada nilimpigia kwanza kwa video, nikamwambia nionyeshe hicho kiatu chini kwenye soli na uweke rula. Akaweka rula! Hakununa. Nikamwambia zungusha simu nione duka, nikaona duka, nikaona na mteja mwingine anajaribu. Halafu hela naituma, jina likitokea kabla sijaweka namba ya siri naliangalia, nikiona ni lile lile aliloniambia naendelea, nikiona jina la mwanaume nisiyemjua nasimama hapo hapo. Baada ya hapo alinitumia picha ya risiti ya mzigo, jina la basi, na namba ya simu ya konda. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023 mzigo ukitoka Dar jioni kesho yake unakuwa umeingia. Sasa mtu kama huyo nimwache nimfuate wa bei ya chini? Wa bei ya chini ataweka rula?

Neema wa Posta
Shangazi umemaliza. ATAWEKA RULA 😂😂

Dereva wa Mwisho
Mimi ni bodaboda, nashinda Kariakoo nabeba mizigo ya maduka, acha niwape ya mlangoni maana nyie mnaongelea ya kwenye simu tu.

Kwanza kuna watu wananunua kwa simu kwa sababu hawataki kujulikana wamenunua. Sicheki mtu. Kuna mama anakuambia usilete nyumbani, niletee ofisini, na uweke kwenye mfuko mweusi, mzee asione. Kuna baba anamnunulia mtu zawadi na lokesheni aliyokutumia si ya kwake. Dukani ungekutana na shemeji yako. Kwenye simu hakuna shemeji.

Pili, mteja wa Dar anataka alipe mzigo ukiwa mkononi. Hili mkubali mkatae ndio lilivyo. Ukimwambia "lipia kwanza" kama hajawahi kununua kwako, nusu wanakimbia. Ukimwambia "boda anakuja, jaribu kwanza, ukikutosha ndio ulipe", hapo hapo anatuma lokesheni. Kuna maduka mimi naacha hela yangu kama dhamana, naondoka na mzigo, mteja akilipa naichukua yangu na nauli yangu. Wenye maduka wananiamini, mteja ananiona kwa macho, mambo yanaenda. Na hapo kwenye mlango ndio unaona mtu kweli, mwingine anajaribu kiatu kwenye vumbi anatembea hatua mbili anaita majirani waangalie, anauliza boda eti kimenipendeza? Namwambia kimekupendeza sana dada. Hela inatoka.

Tatu kuna wale wazimaji simu. Umefika Goba, umeingia vichochoro vyote, simu imezimwa. Huyo mafuta yake nani analipa? Muuzaji anasema si yeye, mteja hapatikani. Ndio maana wenye akili wanamwambia mteja alipe nauli ya boda kwanza, hela ya kiatu baadaye. Mtu akishatoa elfu tano ya nauli hazimi simu.

Mtu wa Nakuru
Salamu kutoka Kenya, hii stori imenibamba. Huku kwetu naona ni hivyo hivyo lakini pesa ndio ilianza, si shopping. M-Pesa ilikuja 2007, watu wakazoea kutumiana na nyumbani, kulipa fees, kulipa matatu, hadi ikafika mahali pesa ya mtu haikai mfukoni tena, inakaa kwa simu. Sasa pesa ikiwa kwa simu na kiatu kiko kwa simu, kuna umbali gani hapo? Huwezi kuniambia nitoe pesa kwa ajenti nikatwe, nipande matatu hadi tauni ndio nikulipe keshi. Nakulipa kwa till nikiwa kwa kiti.

Halafu kuna Fuliza. Hiyo imekuja 2019, ukiwa huna pesa ya kutosha inakujazia unalipa baadaye. Mimi nasema wazi, nusu ya vitu watu hununua usiku wa tarehe 20 hivi ni Fuliza inanunua, si wao. Ukienda duka kwa mguu na mfuko mtupu unarudi nyumbani. Kwa simu hakuna mfuko mtupu. Hiyo watu wa masoko wataiita nini sijui lakini mimi nimeiona kwa nyumba yangu.

Na usidhani ukubwa wa kampuni ndio unaleta imani. Tulikuwa na Copia, walikuwa wanafikia watu wa mashambani kabisa kupitia maajenti wa dukani, watu walikuwa wanaipenda, na 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi. Jumia, hao wenye duka kubwa la mtandaoni, bado wako huku, na ile kitu imewasaidia ni pale unaweza kuchukua mzigo mwenyewe kwa kituo karibu na wewe, unalipa ukifika. Lakini dadangu hununua nguo kwa msichana mmoja ana stoo ndogo Nairobi, humtumia na matatu, wanaongea kama marafiki, hata wanaulizana watoto.

Kichwa_Ngumu
Jumia huku kwetu walifunga Novemba 2019. Wenyewe walisema wanaelekeza nguvu kwenye masoko mengine, sawa, siwapingi. Lakini mimi ninachokumbuka mtaani ni kwamba mtu alikuwa anaingia kule anaangalia bei halafu anaenda kumuuliza mtu wa Instagram "wewe unauzaje hii?". Watanzania tunapenda kuongea kwanza. Kitufe hakipunguzi bei hata umwambie una msiba.

Nimeshapigwa
Mnavyoongea utafikiri wote ni waaminifu. Kuna ukurasa mmoja, jina silitaji, wafuasi laki na kitu, picha safi, nikatuma hela ya friji, nikaambiwa mzigo uko njiani, baadaye nikaambiwa umekwama niongeze ya kuutoa, nilipokataa nikafungiwa. Tangu hapo nikiona "tuma kwanza" mimi si mteja wako.

Nilivyochunguza baadaye nikaona dalili zote zilikuwepo. Komenti zimefungwa. Wafuasi laki lakini picha ina wapendaji kumi na wawili. Hakuna hata picha moja ina mtu, ni za kampuni zimechukuliwa kwenye intaneti. Namba ya kulipia si ile ya kupigia. Wadau, hata ukiwa na haraka vipi angalieni hivyo vitu. Na meseji au namba ya tapeli inatumwa 15040, hiyo ni bure na ni ya mitandao yote.

Kwa hiyo MamaRaba kama unauliza nini kinawafanya watu wanunue, uliza pia nini kinawazuia, maana ndio hicho hicho kwa upande wa pili. Mimi nina hela na nina simu. Nisichonacho ni sababu ya kukuamini.

MamaRaba
@Nimeshapigwa pole sana kaka, na asante, hayo ya komenti yamenigusa maana nimezifunga zangu baada ya mtu mmoja kunisumbua na matusi. Kesho nafungua.

Naendelea kusoma, msiondoke.

Kaka wa Lipa Namba
Nimechelewa uzi ila hamjagusa makato na hilo ni kubwa. Mnakumbuka tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021? Ilipokuja kuna wateja wangu wa kila wiki walirudi kwenye keshi ndani ya mwezi ule ule, mtu anasafiri kutoka Kimara kuniletea noti ili asikatwe. Serikali ikapunguza Septemba mwaka ule, ikapunguza tena 2022, na 2023 ikaiondoa kwenye kutuma. Na wateja walirudi taratibu. Kwa hiyo msimpigie mtu hesabu ya imani na raha peke yake, mwingine anaangalia mia tano.

Na kuna kosa wauzaji mnalifanya: "tuma 35,000 na ya kutolea". Dada zangu, hiyo ya kutolea inafukuza watu kuliko bei yenyewe! Mteja alishakubaliana na 35,000 moyoni, wewe unamwongezea makato ambayo kwake hayana maana, maana si yeye anayeitoa hiyo hela kwa wakala. Chukueni lipa namba ya biashara, jina la duka linatokea, mteja anaona analipa duka na si mtu binafsi, na hela ikikaa mle unaweza kumlipa nayo mwenye mzigo bila kuitoa. Kama lazima ufidie, weka kwenye bei toka mwanzo iwe 36,000 na iishie hapo.

Neema wa Posta
Kweli kabisa hiyo ya kutolea. Nikiiona najua hapa ni kwa mtu na mambo yake, si biashara.

Bwana Masoko
Naomba nirudi kidogo, safari hii bila Hong Kong. Nimesoma komenti zote naona sababu zinagawanyika kwa kitu kinachonunuliwa na kwa aliyenunua mara ya ngapi. Mara ya kwanza mtu anatafuta ushahidi tu, rula ya shangazi, jina kwenye lipa namba, boda anayesubiri mlangoni. Mara ya pili na kuendelea anafuata wepesi, hataki tena kuuliza chochote, anataka akuandikie "kama ile ya mwezi uliopita ila nyeusi" na wewe uelewe. Huyo anayelipa 35,000 wakati chini ni 30,000 analipia kutokuanza upya na mtu mwingine. Kwa hiyo hela ya apu kwa sasa ningeizuia. WhatsApp ya biashara ina katalogi, ni bure, weka picha zote na bei na saizi zilizobaki, Neema akirudi tarehe 25 azikute. Matangazo ya kulipia yanakuletea wa mara ya kwanza, ambao ndio wagumu. Boda na majibu ya haraka vinamrudisha aliyeshanunua.

Na weka sera ya kubadilisha, iandikwe. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 na ina sehemu ya kumlinda mlaji, muuzaji anatakiwa aeleze wazi yeye ni nani, bidhaa ni ipi na bei kamili ni ngapi. Wengi hawaijui ila mteja akikuta umeandika mwenyewe "saizi isipokutosha tunabadilisha ndani ya siku tatu, nauli ya boda nusu kwa nusu" anatulia.

Kichwa_Ngumu
Bwana Masoko leo umeongea kama mtu. Ila laivu umezisahau. Siku hizi kuna wadada wanauza laivu TikTok usiku, anashika gauni anasema "limebaki moja, nani anataka nani anataka", watu mia mbili wanaandika namba. Mke wangu amenunua gauni la saizi isiyo yake kwa sababu lilikuwa limebaki moja. Nikamuuliza kwa nini, akasema wenzake walikuwa wanaligombania. Hapo hamna manufaa wala urahisi, hapo ni mnada wa Ijumaa umehamia kwenye simu.

Neema wa Posta
Kumbe uvivu umeisha kaka? 😂 Ila laivu mimi naipenda, kitu kinaonekana kikizungushwa, hakuna mambo ya picha imepigwa filta. Rangi unayoiona ndio inayokuja, au inakaribia.

Mtu wa Nakuru
Filta ni shida kubwa. Nililetewa koti "maroon" ilikuwa kahawia ya viazi.

MamaRaba
Wapendwa asanteni mno, nimesoma yote na mume wangu nimemsomea ya Neema kwa sauti. Apu naiacha kwanza, kijana atanisamehe. Nitafanya hivi: bei zote zinaandikwa kuanzia leo, katalogi naijaza wikiendi hii binti yangu anisaidie, lipa namba ninayo ila nilikuwa naona uvivu kuitumia kwa sababu ya kuzoea namba yangu, naanza nayo. Komenti nafungua, mwenye matusi nitamfuta mmoja mmoja.

Nina maswali mawili yamebaki. La kwanza, ya kujaribu mlangoni ndio ulipe, kwa viatu naogopa kwa sababu mtu akitembea nacho nje soli inachafuka, sitaweza kukiuza tena kama kipya. Mnafanyaje? La pili Dereva wa Mwisho, hesabu yako ya mwezi ni ipi nikikuchukua wa kudumu, asubuhi hadi saa kumi na moja?

Na shangazi wa Songea, 42 na 43 ninazo, za kufunga na za wazi. Nikutumie picha?

Shangazi wa Songea
Nitumie mwanangu, za wazi, rangi ya kahawia au nyeusi, zisiwe na kisigino kirefu. Na rula.

Kaka wa Lipa Namba
La kwanza nikujibu mimi. Boda abebe kipande cha boksi, mteja anajaribia juu ya boksi. Na gundisha nailoni kwenye soli, ikitoka mtu kanunua. Wenye maduka ya raba za bei kali wanafanya hivyo.

Dereva wa Mwisho
Boksi nitabeba, siyo shida mama. Hesabu nimekuandikia inboksi, tutaongea. Ila nikwambie mapema kabisa tusije kulaumiana, siku za mvua Jangwani ikijaa maji barabara ikifungwa, mizigo ya Magomeni na Kimara nauli inabadilika kwa sababu lazima nizunguke, na huyo mteja umwambie wewe kabla sijawasha pikipiki, usiniache nikamwambie mimi mlangoni kwake.